Rangi ya Punje Yangu

Shemeji Longino,

Nimeificha punje yangu. Siku ile ya mashindano katika ukumbi wa Kinondoni, waamuzi watano tulitumbukiza punje tano za shayiri ndani ya kopo, nyeupe za kukubali na nyeusi za kukataa, na bia yako ikapita kwa nyeupe tatu dhidi ya nyeusi mbili. Tangu hapo wewe, ukoo wangu na nusu ya wanywaji wa Sinza mnaamini mnajua yangu ilikuwa ipi. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nami sikuwahi kusema. Leo nasema, kwa sababu daktari ameacha kunipangia siku ya kurudi kliniki, na kila akija humwita binti yangu Stela pembeni wakazungumza kwa sauti ya watu wanaogawana vitu vya mtu.

Sikuanza na neno "mpendwa" na unajua kwa nini. Usisome haraka ukidhani mwisho wa barua kuna msamaha. Hakuna. Nimejipekua nikaukosa. Naandika, napumzika kila baada ya mistari michache, na katika mapumziko hayo nakuchukia upya, kwa utulivu, kama mtu anayekoleza jiko. Naiandika barua hii wazi, aisome atakaye, maana uongo wenyewe haukukaa chumbani. Ulikaa barazani kwangu ukanywa chai na wageni.

Wewe uliingia nyumbani kwangu Tabata ukiwa fundi wa friji. Ulikuja kutengeneza friji, ukaondoka na dada yangu. Hivyo ndivyo nilivyozoea kusema kwenye sherehe na watu wakacheka, na wewe ulicheka kuliko wote, kwa sababu wakati huo tulikuwa tunapendana. Sitaki kulikana hilo. Mtu akikana kwamba alimpenda adui yake, anauondolea uadui wake uzito.

Unakumbuka swali lako la kwanza? Ulikuwa umelala kifudifudi nyuma ya friji, miguu tu ndiyo inaonekana, ukauliza, "Mzee, humu ndani kuna chupa hazina majina. Ni dawa?"

"Ni bia."

"Bia ya wapi hiyo isiyojitaja?"

Nikakufungulia moja. Nilikuwa bado kazini wakati ule, mkuu wa waonjaji katika kiwanda ambacho sina haja ya kukitaja, na nyumbani nilikuwa najipikia bia ya Kiskoti, ile niliyojifunza ujanani nilipopelekwa kusoma Uskoti. Ukanywa funda moja, ukatoka nyuma ya friji na vumbi usoni, ukakaa sakafuni. Ukasema ina ladha ya ukoko. Kati ya watu wote niliowahi kuwaonjesha, wakiwemo wenye shahada, wewe peke yako ulitaja ukoko, na ni ukoko hasa: wali ulioshika chini ya sufuria ukawa kahawia bila kuungua. Nikasema moyoni, huyu ana ulimi. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa hasara yangu.

Nilikufundisha kila kitu. Nilikufundisha kwamba bia ile haitegemei uchungu, inategemea kimea, kwa sababu watu wale wanaishi kwenye baridi na mvua, wana shayiri tele, na hopsi, yale maua ya kutia uchungu, hazistawi kwao. Nilikufundisha kukinga maji ya kwanza ya kimea, yale mazito, na kuyachemsha peke yake ndani ya sufuria ndogo hadi yawe kama asali, kisha kuyarudisha ndani ya mengine. Mara ya kwanza uliyaunguza. Dada yangu Philomena akatoka jikoni amejifunika pua kwa kanga.

"Nyie wawili mnapika nini, matofali?"

"Tunapika Uskoti, dada," ukamjibu. Ulikuwa hujawa mumewe.

"Basi huko Uskoti kumeungua. Zimeni jiko, majirani wataita zimamoto."

Kitu kimoja tu kilinishinda mimi, nawe ukakiweza. Joto. Bia ile inataka kuumuka polepole kwenye ubaridi. Katika joto la Dar es Salaam hamira hupandwa na wazimu, inakimbia, bia inatoka na harufu ya ndizi mbivu na dawa ya kucha. Mimi nilihangaika na mataulo yaliyoloweshwa na feni. Wewe ulipomwoa Philomena mkahamia Pugu, ukakusanya mafriji mabovu, yale marefu ya kulaza yanayotupwa na wenye maduka, ukayafufua, na ndani yake ukapata ubaridi mzuri kiasi kwamba nilipokuja kuona niliingiza mkono nikauacha humo kwa muda. Nilikuonea wivu siku ile, lakini wivu wa mwalimu, ambao una fahari ndani yake. Halafu ukabuni la kwako. Ulichanganya kimea cha shayiri na kiasi kidogo cha ulezi, na ulezi huo aliuotesha Philomena kama mama yetu alivyokuwa akiuotesha Songea, kwenye gunia lenye unyevu, kisha akauanika juani juu ya mkeka. Nilikuambia Uskoti hawafanyi hivyo. Ukasema, "Shemeji, Uskoti hawana Philomena." Akakupiga begani kwa mwiko. Tulikunywa jioni nzima, watatu.

Sasa tufike kwenye siku ya maziko.

Shinikizo la damu lilimchukua dada yangu ghafla. Alilazwa sebuleni kwangu Tabata kwa sababu ndipo watu wa kwetu wangeweza kukusanyika. Wanaume tumekaa nje kwenye viti vya kukodi, wanawake ndani wamekaa chini, misa ilikuwa ifuate na baadaye makaburini Kinondoni. Wewe ndiwe mfiwa mkuu. Kazi ya mfiwa mkuu siku hiyo ni moja: kukaa. Hachoti maji, hapokei wageni, hashiki simu. Anakaa, watu wanakuja wanamkuta. Hata mwizi akifiwa na mkewe anajua kukaa.

Simu yako ikaita. Ukasimama ukanifuata mlangoni.

"Shemeji, umeme umekatika Pugu tangu alfajiri."

"Ukatike."

"Bia ndiyo kwanza imeanza kuumuka. Ikipata joto leo imekwisha."

"Longino, mkeo yuko sebuleni ndani ya jeneza."

"Najua alipo." Hukupandisha sauti. "Nakwenda kuweka barafu narudi. Kabla ya misa nitakuwa hapa."

"Ukitoka kwenye mlango huu, usirudi kupitia mlango huu."

Ukatoka. Ulipita katikati ya viti vya wafiwa na kitambaa cheusi cha msiba mkononi, ukapanda bajaji. Saa moja haijaisha, habari zikawa zimekutangulia kurudi. Jamaa aliyetoka Buguruni alikuona kwa wauza barafu unapakia mabonge. Akina mama waliokuwa wakipika wakaacha miko. Mmoja akasema, "Mfiwa kabeba barafu, anakwenda kumgandisha nani tena?" Wengine walicheka. Walicheka kwenye msiba wa dada yangu, na kicheko hicho ulikinunua wewe. Dada yetu mkubwa, Anakleta, hakucheka. Alisema, "Kumbe mke ni bia. Huyu marehemu alikuwa mpangaji tu."

Misa ilikwisha hujarudi. Makaburini padri alipomaliza sala akatazama huku na huku. Mume ndiye anayetupa udongo wa kwanza, kila mtu anajua. Padri akaniangalia mimi, mimi nikaiangalia njia, na njia ilikuwa tupu. Akaniambia kwa sauti ndogo tuendelee, kuna maziko mengine yanasubiri. Nikachukua udongo wako, Longino, nikautupa mimi. Udongo wangu nikauacha chini, kwa sababu sikujua kama mtu anaruhusiwa kutupa mara mbili.

Ulifika mashada yakiwa yamekwisha wekwa, suruali imelowa mpaka magotini. Ulisimama pembeni ya watu kama mpita njia. Nilikwambia nini? Waulize wanao, wapwa zangu, maana walikuwepo. Nilisema, "Kausha miguu yako, utaugua." Watu walidhani ni huruma. Wewe ulijua ni nini. Na siku ya kuanua matanga nikasimama mbele ya ukoo nikasema kwamba kuanzia siku hiyo nyumba yangu haina shemeji. Ulichukua kofia yako.

Ulijitetea baadaye kwa kumtuma mwenyekiti wa jumuiya. Alikaa kwangu akapewa soda, akanieleza kwamba ulisema ulezi uliokuwa ndani ya bia ile ndio wa mwisho kuoteshwa na Philomena, na kwamba ungeuacha uharibike ungekuwa umemzika mara mbili. Maneno mazuri. Hujawahi kukosa maneno. Nilimwambia mwenyekiti: mtu anayetaka kumzika mkewe mara moja tu, na ahudhurie hiyo mara moja.

Miezi michache baadaye yakaja mashindano ya wapika bia wadogo. Waliniomba niongoze waamuzi, kama kila mara. Nilijua utaleta bia. Ningeweza kujitoa, na mtu mwenye adabu angejitoa. Mimi nilichana nywele, nikavaa shati safi, nikaenda.

Kwa wasioujua utaratibu wetu, ni huu. Mwamuzi haruhusiwi manukato, kitunguu, sigara wala pipi tangu asubuhi. Hazungumzi. Anapewa mkate mkavu na maji ya uvuguvugu ya kusafishia ulimi. Glasi zinaletwa bila majina, zimefungwa uzi wa rangi tu. Na waamuzi wote hukaa wakiwa wamegeuziana migongo, kila mtu na ukuta wake. Sheria hiyo ya ukuta niliileta mimi. Miaka ya mwanzo tulikuwa tukikaa duara, na vijana wakawa hawaonji bia, wanaonja nyusi zangu. Nikikunja uso, wanakataa. Siku moja nilipiga chafya, bia nzuri kabisa ya kijana wa Temeke ikakataliwa na wote wanne. Ndipo nikaagiza viti vigeuzwe, na kura ziwe za punje, zitumbukizwe kopo likiwa nyuma ya pazia, ili mtu asimwogope mtu. Nilikuwa nikiwaambia ulimi hauna ndugu.

Glasi zilipita. Ya kwanza ilikuwa na harufu ya sarafu. Ya pili ilikuwa tamu kama sharubati ya mgonjwa. Kisha ikaja yenye uzi mwekundu. Nikaionja, tukatumbukiza punje, mtu wa pazia akatangaza: nyeupe tatu, nyeusi mbili. Hakuna nyingine iliyopata hata nyeupe mbili, kwa hiyo kombe likawa la uzi mwekundu. Walipofungua jina ukumbi mzima ulikugeukia wewe, halafu, kwa pamoja, wakanigeukia mimi. Niliiona hesabu ikipita machoni mwao. Nyeusi mbili, na moja yake ni ya nani kama si ya mzee?

Ukaja mpaka kwenye kiti changu. Ulikuwa umekonda.

"Shikamoo, shemeji."

Sikuitikia.

"Punje yako moja nyeusi haikutosha kunizika."

"Kanywe bia yako," nikakwambia.

Hayo tu. Nilipofika nyumbani Anakleta alikuwa ameshapata habari. Alinichinjia kuku. Alisema, "Angalau mmoja wetu amemwonyesha." Nikakaa mezani nikamla yule kuku, nikasifia na mchuzi. Jirani akaja kunishika mkono, akasema, "Mzee Osmundi, damu nzito kuliko maji." Nilimwongezea chai. Toka siku hiyo nimekuwa mtu mwenye msimamo. Vijana wa ukoo wakigombana huletwa kwangu, kwa sababu mzee huyu, wanasema, hata kombe halikumfanya amsahau dada yake.

Na bia yako ikatembea. Ikafika kwenye baa za Sinza. Stela alikuwa ananiambia anaiona kwenye meza za watu, nami nikawa nambadilishia mazungumzo.

Mpaka nilipolazwa mwaka huu, ukaja wodini. Nilikuwa na mpira wa hewa puani. Ulisimama mlangoni umeshika chupa uliyoizungushia gazeti, kama mtu anayeleta mkojo maabara.

"Shikamoo, shemeji."

Nikatazama dari. Stela akasema, "Kaa, anko. Leo hata mimi hanisalimii."

Hukukaa. Ukasema, "Nimemletea aonje, akipata nguvu. Ile ya zamani nimeshaiacha. Ulezi nimeutoa wote."

Hapo nilikutazama. Nilitoa hata mpira puani. "Nani kakwambia uutoe?"

"Punje yako."

"Punje yangu ilikwambia nini?"

"Shemeji, usinikasirikie. Mie nilikaa nikawaza. Wale wengine wakikataa ni wengine. Lakini wewe ndiye uliyenifundisha. Mtu mwenye ulimi ule akisema hapana, kuna kitu. Nikauliza watu, wakasema labda ulezi, si wa Kiskoti ule. Basi nikautoa. Nimeweka kimea cha moshi, kinatoka nje, ghali sana. Moshi si ndiyo Uskoti wenyewe?"

Ulikuwa unaniuliza. Mwanamume mwenye mvi, mwenye kombe, ulisimama mbele ya kitanda changu ukiniuliza kama siku ile uliyotoka nyuma ya friji. Nikakugeuzia mgongo. Nilisikia ukimkabidhi Stela chupa, nikasikia viatu vyako vikienda.

Nimeionja, Longino, baada ya kurudishwa nyumbani. Stela alinioshea glasi kwa maji matupu kama ninavyotaka, tukaiacha chupa nje ya friji hadi ubaridi upungue, maana kimea hakisemi kikiwa kimegandishwa. Sasa pokea tathmini yako.

Kwenye nembo umechora mzungu aliyevaa sketi. Tuliache hilo. Rangi ni nzuri, kahawia inayoelekea wekundu, kama chai ya rangi iliyotazamwa juani. Povu linakaa. Sifa zimeishia hapo. Nikaisogeza puani ikanuka shati la mchoma mishikaki. Moshi, Longino! Moshi ni wa ile pombe yao kali ya mapipa. Katika bia hii moshi ni mgeni aliyekalia kiti cha mwenye nyumba. Nani alikufundisha? Si mimi. Umesoma kwenye simu. Nikaionja. Inaanza kwa moshi, inaendelea kwa moshi, na katikati, pale ambapo kimea kinapaswa kukaa kwa uzito wake juu ya ulimi, pana shimo. Ukoko hakuna. Utamu upo lakini umesimama peke yake kama bibi harusi aliyekimbiwa. Ukimeza, ladha inakatika, kama maji ya bombani yanavyokatika katikati ya kuoga, umebaki na sabuni machoni. Ni bia ya mtu mwoga. Kila kilicho ndani yake kimewekwa ili kumridhisha mtu mwingine.

Stela akaniambia, "Baba, mbona unakunywa huku unatukana?"

"Natukana ili nimeze."

"Si uiache?"

"Siwezi kuiacha. Nimeipika mimi."

Hakuelewa, nikamwambia alete karatasi.

Maana kweli nimeipika mimi. Uliipika ukiitazama punje ambayo hukuiona, nami nikakuacha uendelee kuitazama. Najua nikifa bila kusema, utakuja kwenye msiba wangu, utakaa pale pa kukaa safari hii, utarudi Pugu, na utaongeza moshi. Utazeeka ukirekebisha kitu kisichokuwa kimeharibika. Mwingine angesema hiyo ni adhabu inayokutosha. Nimeliwaza hilo, nakwambia ukweli, nimeliwaza nikaona raha. Lakini mimi nimeishi kwa ulimi huu. Nimemkataa rafiki yangu wa shule kwa ulimi huu, nimemkataa mkubwa wangu wa kazi mbele ya wageni wake. Sina shamba, sina kitabu nilichoandika, nina ulimi tu, na siwezi kwenda kaburini watu wakisema ulikosea.

Basi sikia ile yenye uzi mwekundu ilikuwaje.

Ilikuwa na harufu ya mkate unaotolewa kwenye tanuri, kisha sukari iliyoshika rangi, kisha, ukivuta kwa subira, tende. Mdomoni iliingia nzito lakini haikulala. Ukoko ulikuwepo, wa kahawia, haujavuka kuwa mkaa. Uchungu ulipita kwa mbali kama mtu mwenye heshima anayepita mbele ya wazee. Hapakuwa na ndizi, hapakuwa na dawa ya kucha, hapakuwa na alama yoyote ya joto; iliumuka kwenye ubaridi ambao haukuyumba hata siku moja. Na mwishoni, baada ya kumeza, wakati bia nyingine zote zimekwisha kuondoka, ulibaki ukavu mdogo wa ulezi, kama unga kwenye vidole vya mtu aliyetoka kusaga. Katika miaka yangu yote, huko nilikosoma na hapa, sijawahi kuonja bia ya Kiskoti iliyo bora kuliko ile. Rudisha ulezi. Mtupe yule mzungu na sketi yake.

Punje yangu ilikuwa nyeupe. Ya tatu. Bila hiyo ungeshindwa.

Nawajua watu wangu. Anakleta akisomewa hapa atatafuta namna ya kuniokoa. Atasema glasi hazikuwa na majina, mzee alikaa akitazama ukuta, angejuaje kwamba ni ya yule mtu? Amehukumu bia, hakumhukumu Longino. Ni utetezi mzuri na ningeweza kufa nao, nikabaki mtu mwadilifu kwa wapenzi wa bia na ndugu mwema kwa wafiwa. Wewe pia ungeupenda, ungekupunguzia deni la kunishukuru, na mimi sitaki shukrani yako.

Lakini si kweli. Huo ulezi nimekua nao tangu utotoni. Nilijua ni mkono wa nani tangu glasi ikiwa njiani kuja mdomoni, na kwa vile mwenye mkono huo alikuwa ameshazikwa nilijua ni pipa lipi. Nilikuwa nimeshika punje mbili, moja katika kila kiganja, na ukuta mbele yangu, na hakuna mtu duniani aliyekuwa akiniona. Nilijua, Longino, kwamba nakunywa bia uliyoikimbilia ukamwacha dada yangu azikwe na udongo wa mkono wangu. Na nilipoimeza, kabla ya hasira, kabla ya machozi, kitu cha kwanza kilichonijia ni furaha kwamba barafu yako iliwahi kufika.

Ndimi,
Kaka wa mkeo